Diski tatu kwenye kopo la biskuti

Kompyuta ya mezani ya shangazi yangu, pale Nkuhungu, Dodoma, imekula diski tatu ndani ya miezi kumi na tisa. "Imekula" ni neno lake, na anavyolitamka utadhani anamsema mbuzi aliyeingia kwenye mtama. Mbili za kwanza amezihifadhi kwenye kopo la biskuti, zimeviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Fundi alitaka kuondoka nazo, akamkatalia: humo ndani mna picha za marehemu mumewe, tangu harusi mpaka msiba. Ya tatu niliikuta bado ndani ya mashine, inagonga tik, tik, tik, inanyamaza, halafu inaanza tena.

"Mwanangu, hii ina mkosi," aliniambia hata sijamaliza kumwamkia. "Diski nimebadilisha, Windows nimepigiwa mara sijui ngapi. Sasa si bora nitupe yote ninunue nyingine?"

Mafundi tunaulizwa swali hili kila mara, na tunalijibu kwa mazoea. Mmoja atasema joto. Mwingine vumbi la Dodoma. Wa tatu umeme, wa nne diski za siku hizi feki. Kila jibu lina ukweli wake ndani, ndiyo maana linakubalika haraka: mteja analipa, diski mpya inafungwa, baada ya miezi sita anarudi na sura ile ile. Kosa limeshatokea mapema. Tumeona vifo vitatu tukadhani ni kifo kimoja kilichojirudia, tukaanza kumsaka muuaji mmoja. Kumbe kila diski ina habari yake, na habari hiyo imeiandika yenyewe. Ukizisoma moja moja ndipo unajua zimeshirikiana nini na ni ipi ilijifia kwa mambo yake.

Nilichofanya kwanza ni kuzima mashine na kuchomoa waya. Diski inayogonga haiachwi ikaendelea kugonga wakati watu wanajadiliana.

Ndani ya kile kiboksi

Hadi diski (hard disk), yaani kile kiboksi cha kutunzia mafaili ya kompyuta, ni mashine yenye viungo vinavyotembea, na mengi yanayoisibu yanaanzia hapo. Ndani mna sahani moja au kadhaa za aluminiamu au kioo, zimepakwa utando mwembamba wa sumaku. Zile za kompyuta za mezani kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Ukipiga hesabu, ukingo wa sahani unakimbia kama kilomita 130 kwa saa. Haujaufikia mwendo wa treni ya SGR, lakini basi la Dar umeliacha mbali. Juu ya sahani kinaelea kichwa cha kusomea, kimebebwa na upepo wa mzunguko huo huo, na nafasi kati yake na sahani ni nanomita chache tu. Unywele wako mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikigusa sahani ikiwa kwenye mwendo kinakwangua utando, na kilichokwanguliwa kinageuka unga unaokwenda kukwangua kwingine.

Watu wakisikia hivyo wanalirukia vumbi letu jekundu la kiangazi. Hapana, hilo haliingii. Diski ina tundu dogo la kupumulia lenye chujio (nyingine zimeandikwa kabisa kwamba tundu lisizibwe), na vumbi halifiki kwenye sahani mpaka mtu afungue kifuniko. Nimeshaona mtu akikifungua kibarazani, upepo wa Julai unavuma, "nione tu kilichoharibika". Hiyo haikuuawa na Dodoma. Vumbi linaumiza kwa kuzunguka: linaziba feni, linajaa ndani ya pawa saplai, kile kiboksi kinachoigawia kompyuta umeme, na pawa saplai ikishachoka diski ndiyo inayolia. Na kwa wale wanaojiuliza kuhusu mwinuko, kwa vile kichwa kinabebwa na hewa: diski za kawaida zinaruhusiwa kufanya kazi mpaka kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko kwenye 1,100 hivi. Kileleni Kilimanjaro ndiyo usiwashe.

Umeme wa diski ni wa aina mbili: volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi. Sasa umeme ukikatika ghafla, kichwa kiko katikati ya sahani, kitafanyaje? Waliobuni walifanya jambo ambalo mpaka leo linanifurahisha. Sahani bado zinazunguka kwa msukumo wake, kwa hiyo mota inageuka jenereta kwa kitambo kidogo, na umeme huo kiduchu unatosha kurudisha vichwa kwenye maegesho yake. Lakini ile ni breki ya ghafla, mfano wa dereva aliyekutana na ng'ombe barabarani. Ukizima kompyuta kwa utaratibu, kichwa kinaegeshwa taratibu. Ukichomoa ukutani, kinatupwa. Na diski inahesabu.

Daftari ambalo halidanganyi sana

Karibu kila diski iliyotengenezwa ndani ya miaka ishirini iliyopita ina daftari la ndani linaloitwa SMART. Kwenye Windows nalisoma kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Kwenye Linux ipo smartctl. CrystalDiskInfo inakuonyesha rangi: bluu nzima, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Wengi wanaishia kwenye rangi. Mimi naomba ushuke chini kwenye namba, na hapo kuna mtego unaowachanganya hata mafundi: namba zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ule wenye herufi A mpaka F. Ingia kwenye mipangilio uzigeuze ziwe za kawaida, la sivyo utaona 1F ukadhani ni kirusi.

Mistari minne ndiyo ninayoitazama kabla ya mingine. 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya sahani vinavyotunza data, zilizoharibika ambazo diski imezihamishia kwenye sekta za akiba. C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, diski imeshindwa kuzisoma lakini haijakata tamaa nazo. C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), yaani data imeondoka salama upande mmoja ikafika imechafuka upande wa pili. C0, kwa diski nyingi, ni zile breki za ghafla. Pembeni yake nasoma 09, saa ambazo diski imekuwa hai, na 0C, mara ilizowashwa.

Nikazichukua zote tatu mpaka kwenye meza yangu ya kazi, nikazichomeka moja moja kwenye mashine yangu, yenye umeme ninaouamini.

Ya kwanza kwenye kopo, ile iliyotangazwa kufa miezi kumi na minne nyuma, iliwaka. Ikasoma. Mstari wa 05 ulikuwa sifuri, C5 sifuri. Picha zote zilikuwepo, mpaka ile ya marehemu akiwa kwenye shamba la zabibu Hombolo na kofia ya majani. Diski nzima, ilizikwa hai. Kitu kimoja tu kilikuwa kimechafuka: C7 ilikuwa imepita elfu moja na mia nane.

C7 ikipanda, diski mara nyingi haina kosa. Kosa liko njiani, kwenye ile kebo nyembamba ya data yenye pini saba. Kebo iliyolegea au iliyokunjwa kwa nguvu inapoteza herufi humo njiani, diski inaombwa irudie, inarudia, kompyuta inastaki, faili za Windows zinaandikwa vibaya, mwisho Windows haiwaki. Fundi anakuja, anaona Windows haiwaki, anasema diski imekufa. Anafunga mpya na mambo yanakwenda vizuri. Kwa nini yanakwenda? Kwa sababu katika kubadilisha diski aliichomoa ile kebo akaichomeka tena, ikakaa sawa kwa wiki kadhaa. Diski mpya ikapewa sifa ya kazi iliyofanywa na kidole gumba.

Kebo ni bei ya chipsi mayai.

Ya pili ilikuwa na kisa kingine kabisa. Iliuzwa kama mpya, ndani ya mfuko wa fedha uliobanwa vizuri. Mstari wa 09 ulisema saa 41,000 na ushei. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski hiyo ilikuwa imeshafanya kazi usiku na mchana kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Mstari wa 0C ulisema imewashwa mara 310 tu. Ukitoa mara mia mbili hivi za shangazi katika miezi saba aliyoitumia, zinabaki mia moja kwa saa zote hizo. Kompyuta ya nyumbani haiishi hivyo. Mashine inayowashwa mara chache na kukaa imewaka miezi ni seva, au rekoda ya kamera za ulinzi. Diski ilistaafu huko, ikasafishwa kwa kitambaa, ikaja kuanza maisha upya Nkuhungu. Sekta zake za akiba zilikuwa zimekaribia kwisha. Hiyo ilikufa kwa uzee, hakuna aliyeiua. Siku hizi nikinunua diski naomba ichomekwe pale pale dukani nisome 09 mwenyewe. Muuzaji akikunja uso, narudisha pochi mfukoni. Hata hivyo wapo wajanja wanaofuta daftari lenyewe, kwa hiyo saa sifuri peke yake siyo cheti cha kuzaliwa. Tazama pia mikwaruzo kwenye matundu ya skrubu.

Ya tatu ndiyo iliyoniweka macho. Nyumbani ilikuwa inagonga. Kwenye meza yangu haikugonga hata mara moja. Iliwaka, ikawa nzito, 05 ilikuwa 212 na C5 64, lakini ilizunguka bila kusita. Diski ile ile, umeme tofauti, tabia tofauti. Hapo nilijua safari ya kurudi Nkuhungu ni ya lazima, na nitakwenda na multimita, kile kipimo cha umeme.

Kabla ya kuondoka nilinakili kila kilichosomeka. Shangazi ni katibu wa kikoba chao, na hesabu za kikoba zilikuwa kwenye hiyo ya tatu. Nilitumia ddrescue, programu ya Linux inayochukua kwanza sehemu nzima ndipo irudie zile mbovu. Nasisitiza hapa kwa sababu kosa hili ninaliona sana: watu wakiona diski inasumbua wanakimbilia chkdsk ikague na kurekebisha. Kwa diski nzima ni sawa. Kwa diski inayokata roho ni kumwambia mgonjwa apande mlima. Nakili kwanza. Na ile dawa ya kuiweka diski kwenye friza usiku kucha, iache huko huko ilikotoka. Ukiitoa inatokwa jasho la ubaridi ndani na nje.

Nisije nikalitukuza daftari kupita kiasi. Mwaka 2007 wahandisi watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso wa sahani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unapanda mara 39. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa ziliondoka bila kuonyesha dalili yoyote kwenye SMART. Namba mbaya ziamini. Namba nzuri zisikupe usingizi wa pono.

Friji gadi, radi na shangazi

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe. CPU, yaani kasha zima la kompyuta, iko chini ya meza, pembeni ya friji. Juu yake kakaa sabufa. Waya wa CPU na wa friji vyote vimeingia kwenye friji gadi moja kwa kutumia ekstensheni. Mjukuu ndiye aliyepanga hivyo, na nia yake ilikuwa nzuri.

Friji gadi imetengenezwa kwa ajili ya kompresa. Kompresa ikilazimishwa kuwaka kwenye umeme mdogo inaungua, kwa hiyo gadi ikiona volti zimeshuka chini ya kiwango inakata mara moja, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kwa friji hiyo ni dawa. Kwa kompyuta ni kinyume chake. Pawa saplai nyingi za kisasa zinavumilia umeme mdogo kuliko friji; pale ambapo kompyuta ingeendelea kufanya kazi bila hata kutikisika, gadi inaikata ghafla. Na mtaa wa shangazi una fundi wa magrili. Akigusisha mashine ya kuchomelea, taa zinafifia. Umeme wetu ni wa hezi 50, wimbi moja ni milisekunde 20, na pawa saplai iliyotengenezwa kwa kiwango inaweza kubeba kompyuta bila umeme kwa kama milisekunde 16 tu, hata wimbi moja halijaisha. Kwa hiyo mshuko mdogo, gadi inakata. Kukatika kwa kweli, kompyuta inazima. LUKU ikiisha uniti, inazima. Kila mara, kichwa kinatupwa maegeshoni.

Daftari la diski ya tatu lilisema imewashwa mara 402, na breki za ghafla 371. Nilirudia kuisoma nikidhani nimekosea. Ina maana katika miezi saba, kompyuta ilizimwa kwa utaratibu mara 31.

"Shangazi, ukimaliza kazi unazimaje?"

"Nazima hapo," akasema, akinionyesha soketi ukutani. "Kwani nyie mnazima wapi?"

Hofu yake ni radi. Msimu wa mvua huku ni mmoja, Desemba mpaka Aprili, na radi zake zinajulikana. Kuchomoa wakati wa radi ni jambo sahihi kabisa, sitamkataza. Kinachokosekana ni ile nusu dakika ya kuzima kwanza. Na alikuwa amefanya hivyo kila jioni, mvua au kiangazi.

Je, breki za ghafla 371 zinaua diski? Peke yake, sidhani. Diski hutengenezwa ikijua itakatiwa umeme mara nyingi. Zinachoharibu mara nyingi ni mpangilio wa mafaili: kompyuta ilikuwa inaandika, ikakatwa katikati ya neno, na kesho yake Windows inalalamika. Ndiyo yale ya kupigiwa Windows mara sijui ngapi. Ili kuelewa sekta 212 zilizoharibika nilihitaji kitu kingine.

Nikafungua ubavu wa CPU, nikachukua plagi ya umeme iliyokuwa haitumiki, ile ya pini nne. Waya mweusi ni ardhi, mwekundu ni volti 5, wa njano ni volti 12. Kiwango cha pawa saplai za kompyuta kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo ule wa njano unatakiwa ukae kati ya 11.4 na 12.6. Mashine ikiwa imetulia, multimita ilisoma 11.6. Nikazima, nikawasha tena nikiikazia macho, kwa sababu diski inapoanza kuzungusha sahani ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote, hata ampea mbili. Namba ikashuka: 11.3, 11.1, 10.9. Na diski ikagonga, tik, tik, tik.

Tulikaa kimya wote wawili tukisikiliza, shangazi ameshika kopo lake.

Mota isiyopata volti za kutosha haifikishi mwendo. Diski ikiona mwendo haujatosha inarudisha kichwa, inajaribu tena, ndiko kugonga huko unakokusikia. Mbaya zaidi ni pale mwendo unapotosha kwa shida: inaandika huku inayumba, na kilichoandikwa kwa kuyumba baadaye hakisomeki. Sekta inaingia kwenye orodha ya wanaosubiri hukumu.

Pawa saplai nikaitoa. Ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga, pamoja na kuandikwa wati 500 ubavuni. Uzito siyo kipimo cha kitaalamu, lakini nzuri ina sumaku na vipoza joto vya kweli ndani, na vitu hivyo vina kilo zake. Kupitia matundu ya feni, tochi ilionyesha kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kushikilia umeme, zimevimba vichwa, mfano wa soda iliyosahaulika juani. Sikuifungua, na wewe usiifungue: upande wa umeme mkubwa kuna kapasita inayoweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa ukutani. Pawa saplai mbovu inabadilishwa, haichokonolewi. Kutoka kwake mpaka kwenye diski kulikuwa pia na kiunganishi cha nyongeza, kile cha kugeuza plagi ya zamani kuwa ya kisasa, na plastiki yake ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia. Vile vya bei nafuu nimeviona vikishika moto. Nacho nikakitoa.

Jambo moja nililipata kwa mguu. Nilikuwa nimevua viatu mlangoni, nimekaa peku juu ya saruji, na kila nilipogusa bati la CPU nilisikia mtetemo mdogo kwenye vidole. Mjukuu akacheka: "Hiyo huwa inapiga." Ukisikia hivyo jua soketi haina ethi, yaani ule waya wa kijani na njano haujaunganishwa popote. Kwenye mlango wa umeme wa pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazomwaga kelele za umeme kwenda ardhini. Ardhi isipokuwepo, zinaliacha bati likielea kwenye nusu ya umeme wa ukutani hivi. Mkondo wake ni mdogo, haukuui. Lakini vizuia-mshtuko vingi vinategemea waya huo huo kumwaga umeme uliozidi, na vifaa viwili vyenye ardhi tofauti ukiviunganisha kwa USB au HDMI vinaweza kuunguzana milango. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, siyo yangu.

Waliosingiziwa

Joto. Utafiti ule ule wa Google haukuona joto la wastani likiua diski kama tulivyokuwa tukiamini. Madhara yalijitokeza kwenye viwango vya juu kabisa, hasa kwa diski zilizozeeka. CrystalDiskInfo inakuonyesha nyuzi. Diski ya shangazi ilikuwa kwenye 39, na mimi sishtuki mpaka ivuke 50. Dodoma hata si Dar. Usiku kuna shuka.

Sabufa. Hapa shangazi alitaka kumgombeza mjukuu, nikamtetea nusu. Mtikisiko unasumbua diski kweli: mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, wakati huo akiwa Sun Microsystems, alisimama mbele ya rafu ya diski akazipigia kelele kwa mdomo wake, na grafu ya kuchelewa kwa diski ikaruka pale pale. Kichwa kinahangaika kubaki kwenye njia yake, data inachelewa. Kuchelewa siyo kufa, lakini sabufa ikae kwenye stuli yake.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Hii huwa inasahaulika kabisa. RAM mbovu inaharibu data kabla haijafika kwenye diski, kisha diski inalaumiwa kwa kutunza kilichoharibika. Ukiona mafaili yanachafuka huku daftari la diski ni safi na C7 haipandi, acha Memtest86+ ikague usiku mmoja. Ya shangazi ilipita.

Na SSD, diski isiyo na sahani? Kila mtu sasa anashauri SSD, nami nimemfungia moja kwa ajili ya Windows, maana haina kinachozunguka na mashine imekuwa nyepesi. Lakini haijibu kesi hii. Pawa saplai mbovu ingeisumbua na hiyo, na SSD ikifa haigongi tik tik kukuonya. Jana ipo, leo mashine haiioni.

Kwa hiyo mashine haikutupwa. Pawa saplai mpya, kebo mpya, SSD, diski mpya ya TB 1 ambayo 09 yake niliisoma kwenye kaunta, na UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Juu ya UPS imeandikwa 650VA, na hapo pia watu wanajichanganya: hizo siyo wati 650, mara nyingi ni chini ya 400, na betri yake itahitaji kubadilishwa baada ya miaka michache. Haikununuliwa ili afanye kazi gizani. Inampa dakika za kuzima. Friji gadi imerudi kwa friji. Picha za marehemu sasa ziko sehemu tatu: kwenye diski mpya, kwenye diski ya nje inayokaa kwa binti yake Area D, na kwenye ile ya kwanza iliyozikwa hai, ambayo amekataa kuitoa kwenye kopo. Hesabu za kikoba zilipatikana isipokuwa za miezi miwili, hizo alizirudisha kutoka kwenye kaunta buku.

Baada ya miezi mitatu nilipita kukagua. C7 sifuri. 05 sifuri. C5 sifuri. C0 mbili.

"Shangazi, hapa imezimwa ghafla mara mbili."

"Ya kwanza uniti ziliisha nikiwa kanisani, na hiyo UPS yenu ikalia mpaka ikachoka."

"Na ya pili?"

Akanyamaza, akafunika kopo.

"Radi ilikuwa kubwa, mwanangu."